Kisiwa cha Nyasi

"Nimekwambia zima mashine," nilirudia, na mdogo wangu akanijibu kwa kuongeza moto.

"Zima wewe uliyeandika." Alinipungia karatasi ya kazi kutoka juu ya trekta. "Kata eneo lote. Mwandiko wa nani huu, dada?"

Wangu, mimi msimamizi wake. Dereva wa siku zote wa bustani ya jiji alikuwa mgonjwa, nikamtoa ndugu yangu stoo na kumpa trekta ya kukatia nyasi. Sikumwandikia kwamba sisi huanza katikati tukitoka nje, ili wanyama wapate pa kukimbilia. Wafyekaji wangu wote wanajua, nikaona sina haja. Yeye akaanzia pembeni, akazunguka akiingia ndani, mpaka kikabaki kisiwa cha nyasi chenye ukubwa wa vyumba viwili, na kila kiumbe cha uwanja ule kimebanwa humo. Sungura wawili walitoa vichwa, wakaona uwanja mtupu na mbwa wa watu, wakarudi. Kwale nilimwona kwa macho yangu amelalia mayai, hatua tatu tu kutoka kwenye visu. Kwale akiatamia haondoki mpaka umkanyage.

Ndugu yangu si katili. Alikuwa na hofu. Saa kumi mkurugenzi anakuja kukagua, na mdogo wangu ana barua mbili za onyo tangu stoo, zote za kazi iliyoachwa nusu. Ya tatu ni ya kwaheri. Alinikumbusha kuwa mama alinisihi nimwangalie, kuwa ana watoto watatu na mkewe ni mjamzito.

"Kwale wako hana hata kitambulisho," alimalizia.

Nusura nicheke. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Akaachia breki.

Nilikwenda kusimama mbele ya gurudumu. Nimezaa wanne, kelele hazinitishi. Alinipigia honi, akanifokea nitoke, trekta ikanisogelea mpaka nikahisi joto lake magotini. Ndipo akasimama.

"Nikiacha nusu, anayefukuzwa ni mimi," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Si wewe."

Hapo alinipata. Kosa langu, shingo yake.

Nilimwambia anipe karatasi. Nikaiweka juu ya boneti, nikafuta neno "lote", nikaandika chini yake: "Katikati pasiguswe mpaka mayai yaanguliwe. Dereva hakuelezwa pa kuanzia. Kosa ni la msimamizi." Nikatia saini, tarehe na saa. Kisha nikapanda, nikazima mashine mwenyewe, ufunguo nikautia mfukoni.

Gari la mkurugenzi lilikuwa linaingia getini. Nilimwachia mdogo wangu kopo la rangi tunalochorea mipaka ya bustani akizungushie kisiwa mstari mweupe, nikaenda kumpokea bosi, karatasi mkononi.