Nyumba ya Sitini na Tatu

Alhamisi moja baada ya alasiri, Zuwena alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Ndani ya simu alikuwa amesimama uani kwa Bi Asmahani pamoja na wanawake wengine kumi na mmoja. Walitakiwa wawe sitini na watatu.

Ua huo ulikuwa wa Tongoni ya simuni. Wanawake wa kijiji cha Tongoni waliotawanyika, huyu Tanga mjini, yule Mombasa, yule Maskati, walikuwa wamejijengea kijiji chao ndani ya mchezo wa simu. Kila mmoja alikuwa na nyumba yenye namba, na mwili wa kutembelea uliosema kwa sauti yake mwenyewe. Walipanda minazi, wakachimba kisima, wakasimamisha ubao wa matangazo wenye kengele. Tangazo likibandikwa, kengele inalia kwenye simu zote kwa wakati mmoja. Na bado watu hawakuja.

"Kengele yenyewe ndiyo mbaya," alisema Khadija, aliyekuwa Maskati akilea watoto wa watu. "Juzi imelia niko kwenye sijda. Nimeizima na siiwashi tena."

"Basi tuandike kwa rangi nyekundu."

"Nyekundu ilikuwepo siku ya maulidi. Tulikuja wangapi? Biriani lote likabaki."

"Kwani biriani la simuni nalo linachacha, wifi?"

"Lilichacha," alisema Bi Asmahani, mwenyekiti. "Nililifukia mwenyewe."

Zuwena hakuwa na kawaida ya kusema mikutanoni. Shule aliiachia darasa la tano, bibi yake alipougua, na mpaka leo alisoma kwa kuburuta kidole chini ya maneno. Ubao ule aliupita kwa mbali kama mtu anayepita mbwa asiyemjua. Lakini nazi ilikuwa imekwisha, mikono haina kazi, na maneno yakamtoka.

"Pengine hawajaalikwa."

"Si tumeandika ubaoni, we mtoto?"

"Marehemu bibi alikuwa ndiye anayealika hapa kijijini. Alipita mlango kwa mlango. Anapiga hodi, anakaa, anasema. Mtu asipopigiwa hodi haendi, hata ngoma ikilia dirishani kwake. Nadhani kila mmoja akiona ubao anadhani unasema na wenzake."

Kisha Khadija akacheka peke yake kule Maskati.

"Hee! Ndiyo mimi huyo. Nasoma, nasema haya, wenyewe watakwenda."

Ubao uling'olewa jioni ileile, na Zuwena akapewa kazi ya kualika. Siku ya kwanza alizunguka nyumba zote mpaka ya sitini na tatu, akipiga hodi, akisema kwa mdomo wake, akikaribishwa kahawa. Aliporudi alikuta miguu yake imejaa vumbi jeupe la kijiji kile. Mama yake alimwambia akanawe nje, asichafue mkeka. Alhamisi iliyofuata walikuja wanawake hamsini na wanane, na Bi Asmahani akalitaja jina la Zuwena mbele yao wote. Zuwena alilifikiria jambo hilo siku tatu. Mara ya mwisho jina lake kutajwa mbele ya watu ilikuwa darasani, ameshindwa kusoma mstari.

Siku ile ya darasani aliyekaa naye dawati moja alikuwa Yudith. Yudith alikuwa akimnong'oneza maneno yaliyomshinda, midomo haitikisiki, na mwalimu hakuwahi kujua. Baba yake alikuwa mkata mkonge aliyekuja kutoka bara na kuishi kambini. Mama yake alifariki siku aliyomzaa. Bi Hafsa wa Tongoni, mama yake Bi Asmahani, akiwa na mtoto wake kifuani wakati huo, alimchukua yule wa kambini akamnyonyesha ziwa la pili. Kwa hiyo Yudith alikuwa mtoto wake wa ziwa, na alimwita mama. Sasa alikuwa mwanamke mzima, akifanya kazi Amani kwenye vitalu vya miche, na kila mwezi alituma iliki kwa basi. Mzigo ulishushwa dukani kwa Miraji ukiwa na jina la Bi Hafsa. Katika kijiji cha simuni, Bi Hafsa ndiye aliyemwingiza. Nyumba yake ilikuwa ya sitini na tatu, mwisho kabisa, kwenye mikoko.

Bi Hafsa alifariki Jumanne alfajiri. Saa moja asubuhi Bi Asmahani alimpigia Zuwena simu, sauti imekauka.

"Shikamoo, dada. Pole sana."

"Marahaba. Zunguka, mwanangu. Sema hivi: Bi Hafsa binti Mwinyijuma ametutoka alfajiri. Maziko ni leo Tongoni, baada ya swala ya alasiri. Mwenye kuweza aje amwone."

"Ndiyo, dada."

"Ile ya mwisho kule mikokoni iache."

Zuwena aliibana simu sikioni.

"Ya Yudith?"

"Wakwe zangu wote watakuwepo. Yule akija atalia mama, mama, na watu watauliza huyu wa makambini ni nani. Nianze kueleza habari za maziwa leo? Mama yangu yuko kitandani hajaoshwa, Zuwena. Usinitie maneno."

"Ndiyo, dada."

Kutoka Amani mpaka Tongoni, mtu akiondoka saa mbili asubuhi, anafika adhuhuri. Zuwena alijua hivyo, na aliendelea kulijua kwenye kila mlango alioupigia hodi. Alipotoka nyumba ya sitini na mbili alimwona Yudith anafagia kizingiti chake.

"Zuwena! Mbona leo umeamka na kijiji? Pita unywe maji."

"Nina haraka, shoga."

"Kuna nini?"

"Mambo ya kikundi tu."

"Haya. Ukimwona mama mwambie simu yake haipokelewi. Iliki ya mwezi huu nimeichagua mwenyewe punje kwa punje."

Zuwena aliinua mkono, akageuka. Bi Hafsa alizikwa alasiri. Watu walikuwa wengi, na wote walisema tangazo limefika vizuri.

Siku ya pili alikwenda dukani kwa Miraji kununua chumvi. Alipofungua mdomo kusalimia, alisema, "Bi Hafsa binti Mwinyijuma ametutoka alfajiri. Maziko ni leo Tongoni, baada ya swala ya alasiri. Mwenye kuweza aje amwone."

"Tulimzika jana, mwanangu," alisema Miraji. "Unataka chumvi au mafuta?"

Zuwena alijaribu tena, na yakatoka yaleyale. Akanyoosha kidole kwenye chumvi.

Ikawa hivyo kila alipofungua mdomo. Alimwambia hivyo mama yake alipoulizwa kama ameshiba. Alimwambia hivyo mwenye bodaboda aliyemwuliza anakwenda wapi, na yule akampeleka makaburini, akamngoja, akamrudisha. Mama yake akampeleka zahanati. Nesi alimmulika kooni kwa tochi, akambonyeza ulimi kwa kijiti.

"Lipo tangazo moja halijafika," alisema. "Limekaa pembeni ya kimeo. Kuna nyumba umeiruka?"

Zuwena alitazama sakafu.

"Kuna nyumba kairuka," nesi alimwambia mama. "Si hatari. Asinywe vya baridi, na alipeleke mwenyewe likiwa bado jipya. Likikaa sana linazoea."

Mama yake hakumwuliza ni nyumba ipi. Njiani alitembea hatua mbili mbele, na walipofika alimtengea chai bila kumtazama. Kijiji kizima kilijua ni nyumba ipi. Wanawake walipomsalimia walimwacha aseme maneno yake mpaka mwisho, wakaitikia "Innalillahi", wakaendelea na habari nyingine, na hakuna aliyemwambia, nenda.

Alitaka kwenda. Siku ya tatu aliingia kijiji cha simuni, akatembea mpaka nyumba ya sitini na mbili, akaona mlango wa Yudith uko wazi, akarudi. Aliwaza angemwambiaje mtu kuwa mama yake amezikwa siku tatu zilizopita, na asubuhi ile alimpita akamwambia ana haraka. Siku ya kumi aliwaza angemwambiaje baada ya siku kumi. Kila alipochelewa ilizidi kuwa aibu, na kila ilipozidi kuwa aibu alichelewa. Alirudi nyumbani na vumbi jeupe miguuni, akanawa nje.

Yudith alimtumia sauti. "Zuwena shoga, mama haumwi? Namba yake haipatikani sasa. Dada Asmahani hanijibu. Iliki ilifika?"

Iliki ilifika. Ilitiwa kwenye pilau la hitma ya siku ya tatu, na wakwe wa Bi Asmahani waliisifu, wakauliza imetoka wapi. Bi Asmahani alisema sokoni. Zuwena alikuwa amekaa karibu, sahani mapajani. Alikula yote.

Sauti ile hakuijibu. Kuandika hakukuwa rahisi kwake, na kusema angesema kitu kimoja tu.

Arobaini ilipokaribia, Bi Asmahani alimpigia tena. Safari hii hakumngoja asalimie.

"Arobaini ya mama ni Jumapili. Hitma ni baada ya adhuhuri, wote wanaalikwa. Zunguka kama ulivyozunguka."

Zuwena alifungua mdomo, na Bi Asmahani akasikiliza tangazo la kifo cha mama yake kwa utulivu mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Najua, mwanangu. Lakini kama ulivyozunguka."

Jumamosi asubuhi Zuwena alizunguka. Kwenye kila mlango yalitoka kwanza maneno ya kifo, kisha yakafuata ya arobaini, na wanawake walingoja. Khadija alimwekea kiti, akamwambia, "Pumzika katikati, shoga, ni marefu." Nyumba kwa nyumba alifika ya sitini na mbili, akasema, akaagwa, akatoka nje.

Mbele ya nyumba ya mwisho, Yudith alikuwa ametandika mkeka. Juu ya mkeka aliweka kikombe cha maji, kimefunikwa kisahani. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, kajitanda kanga, mikono mapajani, kama anavyokaa mtu aliyeona mwalikaji anakuja kwa jirani na anajua zamu yake inafuata. Safari hii hakuita. Alimtazama tu.

Zilikuwa hatua kama ishirini. Zuwena alisimama. Alihisi maneno yamejipanga kooni, ya kwanza na ya pili, mepesi, tayari. Alifikiria jina lake likitajwa Alhamisi mbele ya wanawake hamsini na wanane. Alifikiria pia midomo isiyotikisika ya Yudith darasani. Kisha aliinua mkono kama mtu mwenye haraka, akageuka, akapita njia ya kisimani ili asionekane mgongo kwa muda mrefu.

Jumapili walisoma hitma, watu walijaa mpaka barazani.

Jumatatu alikwenda dukani. Miraji alipomwona alipunguza sauti ya redio, akaweka viwiko kwenye meza. Zuwena akasema, "Bi Hafsa binti Mwinyijuma ametutoka alfajiri. Maziko ni leo Tongoni, baada ya swala ya alasiri. Mwenye kuweza aje amwone." Akavuta pumzi. "Arobaini ya Bi Hafsa ni Jumapili. Hitma ni baada ya adhuhuri. Wote mnaalikwa."

"Yamekuwa mawili," alisema Miraji, na akampimia chumvi kiasi kilekile. Mteja aliyekuwa nyuma alisogea mbele, akaomba kiberiti.

Zuwena alikuwa ameshageuka Miraji alipomwita. Aliinama chini ya meza akatoa kifurushi cha kaki kilichofungwa kwa uzi wa mkonge, mafundo mawili mawili. Duka zima likanukia.

"Kimeshushwa na basi la asubuhi, kutoka Amani. Kimeandikwa Bi Hafsa." Alikigeuza mkononi. "Nimpe nani?"

Zuwena hakufungua mdomo. Alinyoosha kidole kwenye nyumba ya Bi Asmahani.