Mashine Imezima

Wakubwa nao wana panga lao, linaitwa fomu. Soli, fundi viatu, alikuja kulijua hilo maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Juu ya bati lake alikuwa na paneli nne za jua, na ukumbini betri mbili nzito ambazo watu wawili walizibeba wakiguna. Kazi ya vyote hivyo ilikuwa moja tu: kuendesha mashine ya kumpa mkewe hewa, maana mapafu ya mama huyo yalibaki jina. Ndipo akaja afisa wa shirika la umeme, waliyemwita Bwana Mita, akafunga mita ya njia mbili: inahesabu umeme unaotoka kwako kwenda kwenye nguzo, na ule unaorudi.

"Na betri zangu?" Soli akauliza.

"Za nini tena, mzee wangu? Mwenye mto mlangoni hachimbi kisima. Mchana unatupatia, usiku tunakupatia."

Betri akazipakia kwenye pikapu yake, eti zinavuja. Soli akatia dole gumba kwenye fomu. Yeye kusoma hakujua, na aliyejua hakumsomea.

Wiki ya pili, saa sita mchana, jua likichoma utosi, umeme wa nguzo ukakatika. Na mashine nayo kimya.

"Baba," mkewe akasema kwa kipande cha pumzi, "hiyo mashine yako nayo imekwenda kula cha mchana?"

Soli akatoka mbio akazitazama paneli. Zinang'aa kama zinamcheka. Akampigia Bwana Mita, simu inakwaruza.

"Mashine imezima, bwana."

"Ni nzima? Vizuri."

"Zima. Zima kabisa!"

"Nzima kabisa, nimekusikia. Ahsante kwa taarifa, mzee." Akakata.

Alipopiga tena haikupokewa. Akabaki kumpepea mkewe kwa kifuniko cha boksi la viatu, kama anayepepea jiko. Midomo ya mama ikageuka rangi ya wino. Mkono wake ulimkamata Soli shati, ukakaza, kisha ukaachia. Saa nane umeme ukarudi, na mashine ikaamka yenyewe, ikaanza kumpulizia marehemu hewa safi.

Siku nne baada ya maziko Bwana Mita alikuja kusoma namba.

"Pole sana, mzee. Ila mtambo haukukosea. Umeme wa nguzo ukikatika, na wa paani unajizima, ili fundi wetu aliye juu ya nguzo asipigwe shoti. Ni usalama huo."

"Mbona hukuniambia?"

"Iko kwenye fomu."

Akaiinamia mita, uso ukamchangamka. "Lakini wiki hii unatupatia umeme mwingi kweli kweli. Matumizi ya ndani yamepungua. Hongera."

Soli aliingia ndani, akatoka na nyundo, misumari, na ngozi nyeusi ya kukatia buti akiwa ameitupia begani. Akaegemeza ngazi, akapanda. Akaitandaza ngozi juu ya paneli ya kwanza, akaanza kupigilia. Kioo kikalia.

"Mzee, unajikomoa mwenyewe," Bwana Mita akasema kutoka chini, kalamu mkononi, akisubiri namba isimame apate kuiandika.