Upande wa Pili wa Kochi

Jumanne ya tarehe tisa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, mkuu wa hospitali alikuwa ukumbini akipigiwa makofi, na ufunguo wa chumba cha mitungi ya hewa ya kupumulia wagonjwa ulikuwa mfukoni mwake. Nesi akakimbia huku, akakimbia kule. Ufunguo ulipofika, mke wa fundi makochi alikuwa ameshafunikwa shuka. Mkuu hakufukuzwa. Alipandishwa cheo. Ndivyo walivyo wakubwa: kosa lao, kilio chetu.

Tangu siku hiyo fundi hakushika kazi. Chumba cha mbele alichokifanya karakana kilifungwa, buibui wakabaki ndio mafundi wa humo. Alikula peke yake, akazungumza na birika. Mikono imesahau, alijiambia, na kila alivyojiambia ndivyo alivyozidi kuamini. Mwishowe akamwahidi jirani yake seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari, aje Jumamosi achukue vifaa vyote.

Bintiye alipopata habari, akaja Ijumaa asubuhi na mkokoteni. Juu yake palikuwa na kochi la mtu mmoja, limechanika, lile alilokuwa akikalia mama yake.

"Baba, livalishe hili kitambaa kipya. Likikushinda, mpe Msumari sindano zako, sitasema neno."

"Mikono imekufa ganzi, mama."

"Mdomo mbona haujafa? Kutwa unawatukana wakubwa."

Akacheka bila kupenda. Binti akaenda zake kazini.

Fundi akafungua karakana. Akabandua kitambaa cha zamani, akakata sponji, akavuta kitambaa kipya, akakigongelea. Nyundo ilimjua. Kidogo kidogo moyo ukaanza kutulia. Vikabaki vifungo vya mgongoni, vile vinavyobonyea kama kitovu. Akaichoma sindano ndefu kutoka mbele, ikatokea nyuma.

Kisha akasimama, kiganja wazi, akiisubiri irudi.

Alikuwa amesubiri kitambo ndipo akakumbuka. Aliyekuwa akiirudisha ni mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa nyuma ya kochi kwenye kigoda, anaipokea sindano, anairudisha, na mumewe akivuta uzi, anamwambia, "Basi!" Hata mtaani walimwita Bi Basi.

Fundi akazunguka, akairudisha mwenyewe, akazunguka tena mbele, akavuta. Uzi ukakatika.

"Uzi gani huu! Wakubwa wanaachia takataka zijae madukani, mradi matumbo yao yashibe!"

Zamani, nyuma ya kochi ingetoka sauti: "Na huo mkono wako nao wameuleta wakubwa?" Leo kimya.

Akajaribu tena, kwa woga. Kifungo kikaning'inia kama jino bovu. Akakikata. Cha tatu kikazama mno, kitambaa kikachanika kidogo. Kumbe miaka yote ile alikuwa akivuta tu. Aliyejua pa kuishia ni mwingine, naye amezikwa na ujuzi wake. Akaanza kukusanya sindano ili ampelekee Msumari mapema, aibu imwishie.

Moja ilikuwa imebaki nyuma ya kochi. Kigoda kilikuwepo palepale, kimejaa vumbi. Akakikalia. Hakuwahi kukikalia hata mara moja. Kutoka pale, upande wa mbele hauonekani. Linaonekana gunia tu lililowambwa mgongoni mwa kochi, na mbao. Akaichoma ile sindano na uzi wake itokee mbele, kisha akaweka kiganja juu ya gunia. Mkono wa pili akaupitisha kwa juu mpaka mbele, akaushika uzi kwa kupapasa, akavuta. Gunia likatetemeka chini ya kiganja. Akavuta tena. Likatetemeka, kisha likatulia tuli.

"Basi," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Akashona vyote hivyo hivyo, amelikumbatia kochi, shavu kwenye mbao. Palipochanika akapafunika kwa kifungo kikubwa zaidi.

Jumamosi Msumari akaingia bila hodi. "Mzee mwenzangu, nimefuata vyangu. Vimeota kutu au ni wewe uliyeota?"

Fundi alikuwa ameishika sindano ndefu, na hakunyoosha mkono kuitoa. Msumari akaliona kochi. Akabonyeza kifungo kimoja, akabonyeza cha pili, akakaa, akaegemea. Utani ukamtoka usoni.

"Hii kazi ni ya watu wawili," akasema taratibu, akichungulia nyuma penye kigoda kilichofutika vumbi. "Nani alikuwa upande wa pili?"