Bendera ya Tarehe Mosi Julai

Mume wangu Thorkild ni mtu mwema, ila usimweke karibu na Mswidi. Akimwona Mswidi na akapata pombe kidogo, anaanza kupigana vita vya miaka mia tatu iliyopita kana kwamba yeye ndiye aliyewasha mizinga.

Mswidi wake alikuwa mmoja tu, Folke. Wote wawili walikuwa manahodha wa feri kwenye mlango huu wa bahari, kati ya Helsingør kwetu Denmark na Helsingborg kwao Uswidi. Huyu anakwenda, yule anarudi, wakipishana katikati na kupigiana honi. Walipostaafu hawakujua waipeleke wapi midomo yao, ndipo ugomvi wa meli za wafalme ukawa kazi yao mpya. Mimi na Märta, mke wa Folke, tulikuwa tukiwasikiliza huku tunamenya viazi.

"Nyie," Thorkild anasema, "meli yenu kubwa kuliko zote ilipinduka yenyewe. Mlisahau kufunga madirisha ya mizinga."

"Na pale Femern tulipowachapa je, bwana?"

"Pale walipigana Waholanzi. Nyie mlikuwa abiria, na sijui kama hata nauli mlilipa."

Folke anacheka mpaka anakohoa, kisha ananigeukia. "Shemeji Bodil, unaishije na mtu huyu?"

"Kwa shida," namjibu, na sikuwa natania sana.

Nyumba yetu iko kilimani na ya Folke ilikuwa kilimani ng'ambo, kila moja na mlingoti wake uani. Desturi waliitunga wenyewe. Tarehe mosi Julai, siku meli zetu zilipowachapa Waswidi kwenye ghuba ya Køge, Folke alipaswa kushusha bendera yake hadi nusu mlingoti asubuhi, Thorkild akimtazama kwa darubini. Kisha Folke anapanda feri na chupa mkononi, anakuja kula samaki kwetu. Oktoba, siku waliyotuchapa sisi kule Femern, inakuwa zamu ya Thorkild kushusha na kuvuka. Mshindi hapigi simu. Mshindi anakaa tu anamngoja aliyeshindwa.

Sasa, kwetu na kwao hata mtoto anajua bendera ikishushwa nusu mlingoti kuna msiba. Wazee wale wawili tu ndio waliojifundisha kuiona na kucheka.

Oktoba ya mwaka ule tulivuka sote wawili. Chakula kilikuwa kizuri, pombe ilikuwa nyingi. Folke akamtania Thorkild kwamba Wadenmark wana kumbukumbu nzuri kwa sababu ushindi wao ni wa kuhesabika kwa vidole. Ilikuwa zamu ya Thorkild kujibu, akakosa la maana, akachukua lililokuwa karibu.

"Angalau sisi tumekufa baharini," akasema. "Nyie tangu enzi zile mnafia kitandani. Vita vyote vile vya juzi mlikaa kando, Mswidi hata kiatu hakikulowa."

Märta akaweka kijiko chini. Folke alikuwa na kaka yake, Sixten, aliyekuwa kwenye mashua ya kutegua mabomu ya majini wakati wa vita vya Hitler. Bomu moja lililipuka, na kilichorudi nyumbani ni kofia. Kofia hiyo ilikuwa inaning'inia ukutani mle mle tulimokuwa tunakula, na Thorkild alikuwa anaiona kila mwaka.

Folke hakufoka. Aliinuka, akaleta koti la Thorkild, akamshikia alivae kama mwenyeji muungwana.

"Feri ya saa tisa mtaiwahi," akasema.

Njiani kuelekea bandarini nilimwambia Thorkild arudi saa ile ile aombe radhi. Akasema ulikuwa utani, Folke atapoa. Krismasi ikapita. Nikamwambia avuke. Akasema baridi ikipungua. Mwezi wa Machi, Preben, anayefanya kazi kwenye feri, akatusimamisha sokoni akasema Folke hali yake si nzuri, moyo unamsumbua, amekonda.

"Nenda," nikamwambia Thorkild. "Dakika ishirini tu, mwanamume wewe. Umezivuka maisha yako yote."

"Nitakwenda. Baada ya Pasaka."

Baada ya Pasaka akapaka rangi banda. Baada ya banda ikawa bustani. Nilimwona akishika simu na kuiweka chini. Kiburi hakikuwa chote, sitamsingizia. Alikuwa anaogopa kwamba Folke hatamfungulia mlango. Usiku alikuwa ananiuliza, "Unadhani Julai atashusha?" Basi nikajua ameiweka roho yake yote kwenye ile bendera: Folke akiishusha, amesamehewa.

Tarehe mosi Julai aliamka kabla yangu. Nilimkuta dirishani, darubini machoni.

"Ameshusha," akasema. "Bodil, njoo uone. Ameshusha."

Nikatazama. Bendera ya Folke ilikuwa nusu mlingoti, imelala, upepo ulikuwa mdogo. Nikakumbuka maneno ya Preben, nikamwambia apige simu kwanza.

"Mshindi hapigi simu," akasema huku anacheka na kulia. "Unataka niharibu? Mwenzangu amenisamehe, wewe unataka niharibu."

Akapandisha yetu mpaka juu kabisa. Kisha akaleta zile bendera ndogo za ishara alizopewa alipostaafu, za rangi zote, akazifunga toka ncha ya mlingoti mpaka kwenye paa. Nyumba ikawa kama ina harusi. Mimi nikatandika meza: samaki wa siki, mkate mweusi, glasi nne ndogo. Thorkild akavaa shati jeupe, akakaa kwenye ngazi ya mbele kungoja feri ya mchana.

Aliyepanda kilima alikuwa Märta, peke yake, amevaa nyeusi. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Thorkild akasimama. Alimtazama nguo, akamtazama uso, na nikaona akielewa kidogo kidogo.

"Amekufa alfajiri," Märta akasema. "Nimeshusha bendera mwenyewe. Nikaleta kiti karibu na darubini yake, maana sikuwa na pengine pa kukaa. Ndipo nikawaona mnapamba."

"Märta, sisi hatukujua," nikasema.

"Najua sasa. Kwenye feri sikujua, msiba ulikuwa umenisahaulisha tarehe. Nilikuja nikusikie wewe, shemeji Thorkild, ukinieleza ni utani gani huo."

Thorkild akasema, "Nilidhani ni yeye. Nilidhani ameshusha kwa ajili yangu."

Nadhani Märta angeweza kumwongopea, na mpaka leo sijui kama ningependa afanye hivyo.

"Hapana," akasema. "Wiki iliyopita nilimuuliza nifanyeje tarehe mosi ikifika. Akasema, 'Iache juu. Nitaishusha siku Thorkild atakapokuja kusema mwenyewe, jina la Sixten mdomoni.' Kitanda chake tulikisogeza dirishani tangu Machi. Kila feri aliitazama mpaka watu wa mwisho washuke."

Alikataa kuketi, na maji pia aliyakataa. Aliomba tusiende mazishini, akateremka kuwahi feri.

Thorkild akaenda kwenye mlingoti. Vile vibendera vya rangi vilimshinda kufungua, nikavikata kwa kisu cha jikoni. Kisha akaishusha yetu mpaka nusu, akabaki ameshika kamba hadi jua lilipozama.

Märta alihamia kwa binti yake, na walionunua nyumba ile wameukata mlingoti. Lakini kila tarehe mosi Julai Thorkild anashusha. Majirani wapya wanakuja na nyuso za huzuni kuuliza tumefiwa na nani, naye anawajibu, "Folke," hana zaidi. Kisha anavaa koti, anachukua chupa, anateremka bandarini. Preben ndiye aliyeniambia anachofanya. Anavuka mpaka ng'ambo, anawaangalia abiria wakishuka hadi wa mwisho, na yeye hashuki, anabaki palepale kwenye benchi mpaka feri igeuze. Jioni ananirudishia chupa haijafunguliwa, nami naiweka kabatini.