Jicho la Kushoto la Mzee Sekunde

...na kupendeza amependeza, hilo halina ubishi, amependeza kama bwana harusi wa kwenye kalenda, mzee wake yule yule, kofia ile ile, ameketi nyuma ya meza yake ya kutengenezea saa kama alivyoketi maisha yake yote, ila huyu wa kwenye kompyuta ana macho mawili, yote yamekodoka yanamtazama yeye mkewe, ambaye jicho la kushoto halijamtazama tangu binti huyu aliyesimama ubavuni mwake akiwa bado ananyonya... binti alikuwa anasema ona karatasi inavyong'aa, ona jalada gumu kama la vitabu vya mawakili, Jumamosi baba anatimiza themanini, watoto wote wanakuja, kitabu cha picha kiwe mezani sebuleni kila mgeni akifunue, na bibi kizee alikuwa anaitikia ehe, ehe, maana shingo yake imeshazoea kuitikia mambo ambayo masikio hayajayasikiliza. Picha alizichagua mwenyewe, wiki tatu kitandani amezitandaza kama mchezaji karata, hiyo kazi imekwisha, lililobaki ni moja tu, nani azichape, duka hili lenye feni na viti vya kuzunguka au yule fundi wa kujalidi wa mtaa wa nyuma anayeshona vitabu kwa uzi na mkono wake, na jibu linatakiwa sasa hivi, mwanamke wa kompyuta amesema kwa adabu zote kwamba nyuma yao kuna kadi za harusi mia nne, kitabu kisipoingia mashineni kabla ya hizo kadi hakitatoka Jumamosi, akaweka kidole juu ya mausi, akasubiri, na kidole bado kipo pale, kina kucha nyekundu iliyomenyeka... Jicho je, alikuwa ameuliza, hili jicho mmelitoa wapi, na mwanamke akacheka kidogo, "Mashine yenyewe hiyo, bibi. Ikiona mtu amefumba inadhani amepepesa, inamfumbua." Inadhani amepepesa. Miaka hamsini na mbili mtu amepepesa, kope imeshuka haijapanda, mashine ya watu wazima na akili zao... na binti akasema muache tu mama, baba atafurahi, mtaani wote wanajua jicho lilijifunga lenyewe, fundi saa hufumba la kushoto akibana lenzi kwenye la kulia, ukifumba kila siku kuna siku litagoma kufumbuka, hivyo ndivyo walivyokua wakisimuliwa, hawa watoto, wakimwigiza baba yao sebuleni, wanafumba jicho moja, wanabana kifuniko cha chupa kwenye lingine, mimi Mzee Sekunde, leteni saa zenu, wanacheka mpaka wanaanguka, na yeye mama yao alicheka nao, aliongoza kucheka, hakuna aliyecheka kumshinda... Na kwa nini yuko hapa hasa? Jana alikuwa kwa yule fundi wa kujalidi, chumba kinanuka gundi, mzee mwenzake, vidole vimepasuka, mishono yake ameikagua kwa kucha kama anavyokagua pindo la nguo akakuta imekaza, imenyooka, hana la kusema, na fundi akamwambia mimi natoa picha ilivyo, bibi, yenye ukungu itatoka na ukungu, yenye doa na doa lake, halafu akagusa picha kwa kidole gumba karibu kabisa na lile jicho, akauliza, "Huyu aliumia kazini?" Naye akajibu ndiyo, upesi kuliko anavyojibu salamu, akakusanya picha zake akatoka, akamwambia binti karatasi za yule ni laini kama za kufungia sabuni. Uongo. Karatasi zilikuwa nzuri. Mtu mzima yeye, uongo wa karatasi... "Mama, tunasubiriwa." Nasikia, alisema, na alikuwa anasikia, lakini alichokisikia ni kile chuma cha siku ile ya zamani, haikuwa sauti kubwa, kama mtu aliyechana kitambaa kipya mara moja, ziiip, basi. Ilikuwa saa ya ukutani ya mtu, wiki ya tatu mumewe anaizungumzisha na mkewe hamzungumzishi, mtoto mgongoni analia, chungu kinaungua, unamuuliza bwana jambo anakujibu mmh, akatoka kunawa mikono, na yeye mwenye miaka ishirini na miwili na ulimi wa pilipili, wakati huo hata mikono ilikuwa ya pilipili, akashika bisibisi kuifungua ile saa aiharibu, tuone atamkumbatia nani. Mara elfu alishamwona akiilegeza springi kwanza, polepole kwa ufunguo, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala, alijua, hawezi kusema hakujua, na saa ilikuwa imetiwa ufunguo mpaka mwisho... mumewe akaingia, akaona, hakupiga kelele, alisema acha, toa mikono, akaingiza kichwa katikati, kati ya saa na yeye na mtoto, na chuma cha springi kikafyatuka, kikamkuta jichoni. Hospitali daktari akauliza, na mumewe na bandeji yake akasema, "Ilinitoka mimi mwenyewe mkononi." Akamaliza. Hakurudia tena, hata walipogombana, na waligombana vizuri, alimwita mumewe majina ambayo hata mbwa angehama nyumba, mtu mwingine angelitoa jicho lile mfukoni akalipigilia mezani, mumewe hajawahi, hata siku moja. Na Jumamosi atafunua kitabu. Ataleta ukurasa karibu na jicho lake moja, halafu atafungua mtoto wa meza, achukue lenzi, maana huyo haamini kitu mpaka akitazame kwa lenzi, na ataona upesi alichokiona mkewe sasa hivi, kwamba dirisha la kibanda chake cha saa lilikuwa upande wa kulia, mng'ao wake umo pembeni mwa jicho la kulia na ndivyo inavyotakiwa, lakini hili jipya mng'ao umekaa upande wa pili, kama kuna dirisha ukutani kusikokuwa na dirisha, wamelichukua jicho la kulia wakaligeuza kama soksi. Ataona, na atajua nani alichagua. Hatasema. Atasema karatasi nzuri, atafunua ukurasa unaofuata, atalificha kama alivyolificha hospitali, na hapo ndipo bibi kizee alipojishtukia, kwa sababu alikuja hapa akidhani anamfanyia mzee hisani, amrudishie jicho walau la karatasi, kumbe anajifanyia mwenyewe, mtu mwenye macho mawili hakuumizwa na mtu, na kama hakuumizwa basi hakuna alichosamehe, kazi yote ile ya kunyamaza, miaka hamsini na mbili, inafutwa kwa kidole kimoja chenye kucha iliyomenyeka... alimtazama binti yake, ambaye alikuwa mgongoni siku ile na hajui, anatabasamu, simu mkononi, paji la uso zima halina kovu hata moja, na bila kichwa cha baba yake lingekuwa nalo, au pasingekuwa na paji. "Niendelee, bibi?" alisema mwanamke, kidole hakijaondoka, feni inazunguka, yule mwenye macho mawili anakodoa, na bibi kizee akafungua kinywa, na lililobaki kuamua ni lipi litangulie, kumwambia huyu mwanamke azime mashine yake na kumrudishia picha, au kumwambia mwanawe ni nani aliyelifumba jicho la baba yake.