Mguu wa Cherehani

"Ukuta wangu si gauni, kwamba ukichanika utaupitisha kwenye cherehani!"

"Kwani nimeuchana, Mzee Breki? Jumapili tano nazunguka pale. Umepungua tofali gani?"

"Bado! Ajali haipigi hodi, mama."

Kwenye veranda ya saluni yangu tuliweka vitana chini. Ugomvi wa namna hii haususwi. Mzee Breki aliendesha basi miaka thelathini na moja bila kugusa hata ndoo ya mtu, na jina hilo alilipata kwa sababu akiona kuku ng'ambo ya barabara alikuwa anasimama. Aliyemkabili ni Mama Cherehani, mshona nguo wetu, mjane, mpole mpaka wateja wanamdhulumu vifungo. Marehemu alimwachia kigari cha zamani, cha aina ile ya injini mbele na nguvu tairi za nyuma. Mwingine angekiuza. Yeye, kaka yake makanika alimwonyesha siku moja jinsi kinavyoweza kuserereka ubavu kwa makusudi, mkia nje, tairi zikilia, na dereva bado ndiye bwana wa usukani. Wenyewe wanaita kudrifti. Tangu siku hiyo dada wa watu hana usingizi.

Wanafanyia kwenye uwanja wa ghala la mbao, mkabala na saluni yangu, Jumapili mchana, ghala likiwa limefungwa. Kaka anamwaga maji ya sabuni kwenye saruji ili gari liteleze kwa mwendo wa pole na tairi zisiishe. Katikati anasimamisha pipa tupu la kuzunguka. Na pembeni, hatua chache tu, ndio ukuta wa Mzee Breki.

Sasa Jumapili hiyo mzee alikuwa na barua mkononi. Mwenye ghala alishasema, jirani mmoja akilalamika kwa maandishi, lango linafungwa. Barua ilikuwa imekamilika, imebaki sahihi.

"Miaka ishirini na mbili nimekaa kiti kimoja nawashonea watu nguo za safari zao," Mama Cherehani alisema. "Saa hii moja ndiyo yangu. Ukisaini, sina pengine."

Mzee alimtazama, akatazama pipa, akajikuna kidevu.

"Basi nizungushe. Mara tatu, na mimi nikiwa ndani. Ukigusa pipa au ukuta, nasainia hapo hapo juu ya boneti. Usipogusa, barua chukua."

Dirisha la jikoni kwake likafunguka. "Baba wee!" mkewe aliita. "Chakula kinakaribia kuiva! Ukifa huko nani atakila?"

"Koleza moto, acha maneno," mzee alijibu, akajifunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha.

Kaka mtu aliinama dirishani. "Dada, mguu. Likishaanza kuserereka, usiutoe. Na usikodolee macho unachokiogopa."

Kutoa mguu ndio ulikuwa ugonjwa wake, mtaa mzima tunaujua. Kwenye cherehani ya umeme uzi ukijikunja, fundi anatoa mguu kwenye pedali upesi, sindano isivunjike. Mguu wa Mama Cherehani umezoea hivyo miaka ishirini na mbili. Lakini gari likiwa limeserereka, ukitoa mafuta ghafla tairi za nyuma zinashika ardhi kwa mpigo mmoja, na gari linakurupukia upande wa pili kama mbuzi aliyekata kamba.

Akaondoka. Akakata usukani, akakanyaga mafuta, mkia ukatoka. Povu liliruka hadi kwenye veranda. Mzunguko wa kwanza pipa halikutikisika. Wa pili ulikuwa mpana zaidi, mkia ukapita karibu na ukuta mpaka msusi mwenzangu akanishika mkono kwa kucha. Ndani ya gari mzee alikuwa ameshikilia dashibodi kwa mikono miwili, na mguu wake wa kulia, wallahi nililiona goti likipanda na kushuka, unakanyaga breki isiyokuwepo.

Wa tatu, nusu ya njia, tairi moja ikapita sehemu kavu. Gari likashtuka. Na mguu ukatoka.

"Mguu!" kaka alipiga yowe.

Gari lilikurupuka, pua ikaelekea ukutani. Tulisimama wote. Mteja wangu alisimama na nusu ya kichwa haijasukwa.

Mshonaji mzuri haangalii sindano, anaangalia pindo linakokwenda. Nilimwona Mama Cherehani akigeuza shingo, akauacha ukuta, akatazama ule upenyo kati ya huo ukuta na pipa. Mikono ikafuata macho. Mguu ukarudi kwenye mafuta, taratibu, kama anaanza kushona kitambaa laini. Mkia ukazunguka, gari likateleza sambamba na ukuta, likalipita pipa, likazimika.

Maji ya sabuni yakawa yanachuruzika.

Kaka akakimbilia upande wa mzee, akapenyeza mkono kati ya mlango na ukuta. "Kiganja kimeingia!" alitangaza. "Ngumi haiingii, ila kiganja kimeingia!"

Mlango wa mzee haukuweza kufunguka. Akatambaa juu ya gia, akatokea upande wa dereva matako kwanza, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Ulitoa mguu," alisema alipopata pumzi.

"Nilitoa."

"Ukaurudisha."

"Nikaurudisha, mzee."

Alitazama ukuta wake. "Mimi ningefunga breki," alisema polepole. "Saa hizi tungekuwa sebuleni kwangu, na gari lenyewe."

Hapo veranda nzima ikapasuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe mabega yakaanza kutikisika. Akamkabidhi Mama Cherehani ile barua, imelowa jasho, imekunjamana.

Mkewe alikuwa mlangoni tayari, kitambaa mkononi. "Hiyo karatasi ilete huku, sufuria ni ya moto na meza yangu mpya. Na wewe mama, acha kusimama hapo juani. Nawa mikono, ingia ule."