Pengo la Miezi Saba

Kila Alhamisi saa nne asubuhi mzee Walt Sobczak aliketi katika duka la mikate, chini ya ofisi ya Bernadette Wojcik, akala donati yake na kugoma kupanda ngazi mpaka bima imkubali Bernadette. Kila Bernadette akishuka, mzee alimwuliza lilelile:

"Wamekukubali?"

"Bado, Bwana Sobczak. Lakini yule mshauri wa hospitali ni mzuri, nakwambia."

"Nimeshakusimulia nusu ya maisha yangu. Nikaanze upya na mgeni? Thubutu! Nitakungoja."

Walt alikuwa amefiwa na mkewe, Irene, na Bernadette alikuwa mshauri nasaha wake katika kliniki ya kaunti. Kikao chao cha mwisho kiliishia katikati ya kisa cha Irene na trekta. Kisha Bernadette akafungua ofisi yake mwenyewe, na bima ya mzee haikumfuata huko, maana jina la Bernadette halikuwamo katika orodha ya washauri wanaolipwa na kampuni hiyo.

Tangu Machi Bernadette alikuwa ametuma vyeti, leseni na barua za wadhamini ili aingizwe. Mwezi Julai maombi yakarudishwa mara ya tatu kwa sababu ileile: mwaka 2011, miezi saba, alikuwa wapi? Watu wa bima hawataki pengo la kazi hata la mwezi mmoja. Mara ya kwanza alijaza "mambo ya binafsi", mara ya pili "sababu binafsi", mara ya tatu "mapumziko". Mwanamke ambaye kazi yake ni kuwahimiza wenzake wafunguke!

Akapiga simu, akasikilizishwa muziki dakika hamsini, ndipo akapokea karani aitwaye Yolanda.

"Mpenzi, kamati inakaa kesho. Ukikosa hii, faili linafungwa. Sema basi, ulikuwa jela?"

"Jela! Hapana!"

"Sasa?"

Bernadette alishusha sauti, ingawa alikuwa peke yake. "Nilikuwa napiga kodiani. Bendi ya polka, ule muziki wa kurukaruka. Harusi, maonyesho ya ng'ombe, jimbo zima la Wisconsin. Niliogopa mtaniona mhuni."

Yolanda alicheka hadi akakohoa. "Miezi yote hii unatuficha hilo? Andika hivyohivyo, mama, utie sahihi."

Akaandika. Alikusudia mistari miwili, ikawa ukurasa mzima, na majina ya miji na ya mpiga ngoma aliyelala juu ya jukwaa. Alipomaliza alijiona mwepesi, akajicheka kwa kujitesa bure.

Kesho yake, Jumatano, Yolanda akapiga mwenyewe. "Umepita! Unaanza leo. Mwenyekiti anauliza kama bado unapiga."

Alhamisi mzee alikuwa palepale.

"Wamekukubali?"

 Bernadette alisimama kwenye ngazi, akamwita kwa mkono. Walt akaiacha donati, akapanda taratibu akiushika ukuta, akajitupa kitini, akauliza:

"Tulikuwa tumefika wapi?"

"Irene yuko juu ya trekta."

"Enhe! Basi breki zikakataa, akaliingiza ziwani, mwanamke na trekta lake. Nakimbia, roho mkononi, namkuta maji kifuani. Akaniambia, 'Walt, si ulitaka lioshwe?'"

Wakacheka wote wawili mpaka muuza mikate akagonga dari kwa ufagio. Machozi yakamtoka mzee, na safari hii hakuificha sura yake kwa kofia kama alivyozoea kule kliniki.

"Namkumbuka sana, Berni," alisema. "Nilikuwa nangoja kukwambia."